Nyangi na Kiwanja cha Nyabukere

Nyangi Kwangu alikuja Nyabukere akiwa bibi harusi, kutoka upande wa Kiabakari, ambako baba yake alilima pamba na kufuga ng'ombe. Kwao hakukuwa na ziwa. Alishangaa upepo wenye harufu ya dagaa, akashangaa wanaume wanaolala mchana kweupe kwa sababu usiku walikuwa kwenye maji. Lakini kilichomshangaza zaidi kilikuwa nyuma ya nyumba ya wakwe zake: uwanda mrefu wa majani mafupi, umenyooka kama uliopimwa kwa kamba, ukianzia karibu na zahanati ya misheni na kuteremka taratibu kuelekea ziwani.

"Hapa analima nani?" alimuuliza mumewe, Baltazari.

"Halimwi. Ni kiwanja cha ndege."

"Ndege inatua hapa?"

Baltazari akatema mate pembeni. "Ya misheni. Baba aliwapa. Lilikuwa shamba zuri kuliko yote tuliyokuwa nayo."

Nyangi aliijua habari yenyewe baadaye, kidogo kidogo, kutoka kwa wanawake wa mtoni. Mama yake Baltazari alifia njiani, juu ya machela iliyobebwa na wanaume wa ukoo kuelekea Musoma, akiwa na mtoto tumboni na barabara ikiwa tope tupu. Wamisheni walipokuja kuomba mahali pa kutua ndege ya daktari, wenye mashamba wengine walikataa. Mzee Clementi, baba yake Baltazari, aliyekuwa hata hajamaliza kumwomboleza mkewe, akawaambia chukueni langu. Kijiji kizima kikatoka kulisawazisha. Walibomoa vichuguu kwa sururu, wakang'oa visiki, wakabeba mawe kwa karai, na wanawake wakaukanyaga udongo kwa miguu huku wakiimba, kama wanavyofanya wanapotengeneza sakafu ya nyumba mpya. Hiyo ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru.

Baltazari alikuwa mdogo wakati huo, lakini alikumbuka yote. Alikumbuka mama alivyoondoka na alikumbuka shamba lilivyokatwa. Mtu akimsifia baba yake kwa moyo ule, alijibu neno moja tu: "Kiwanja hakikumrudisha mama."

Mlinzi wa kwanza wa kiwanja alikuwa mzee Ephraim. Alipohamia Bunda kwa watoto wake, Nesi Dorotea, aliyekuwa mkuu wa zahanati, alikuja nyumbani kwa Mzee Clementi na kumwomba Nyangi ashike kazi ile. Nyangi alikuwa amekwisha kumzaa Samwel, mwanawe wa kwanza, na alikuwa anajulikana kwa mikono isiyojua kukaa bure. Baltazari hakupenda.

"Mke wangu awe mchungaji wa majani?" alisema.

Mzee Clementi alikuwa amekaa mlangoni akishona wavu. Hakuinua macho. "Mkamwana ajibu mwenyewe," alisema.

Nyangi akajibu kwamba ataifanya. Miaka mingi baadaye aliniambia sababu, nami naamini ni ya kweli: alitaka kuiona ndege kwa karibu.

Kazi yenyewe haikuwa ya kuonea fahari. Alifyeka majani kwa fyekeo, akajaza mashimo yaliyochimbwa na wanyama usiku, akapaka chokaa mawe ya pembeni ili rubani aone mipaka. Alishona mfuko mrefu wa kitambaa cheupe uliokuwa ukining'inia kwenye nguzo na kuonyesha upepo unatoka wapi. Sisi tulikuwa tunauita soksi, na upepo wa ziwa uliutafuna vibaya hivi kwamba kila baada ya masika ilibidi ashone mwingine. Na ndege ikikaribia alipiga rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mti, ili watu wote waondoe mifugo.

Vita yake kubwa haikuwa na ng'ombe, ilikuwa na udaga, ule muhogo unaovundikwa na kukaushwa kwa ajili ya ugali. Hapakuwa na ardhi ngumu na safi kama ile kijijini kote, kwa hiyo kila mwenye muhogo alitaka kuuanika pale, na kila mwenye dagaa vilevile. Nyangi aliwafukuza asubuhi, wakarudi mchana.

"Mama Samwel, ndege yenyewe haiji leo," wangemwambia.

"Wewe umeongea nayo?"

Siku moja ndege ilikuja bila kutarajiwa, ikaupitia udaga wa mama mmoja. Wingu jeupe likapanda hadi juu ya zahanati. Rubani alishuka akiwa mweupe nyusi mpaka viatu, akapiga chafya, akasema, "Nyabukere mmeamua kunipika ugali?" Huyo alikuwa Felisian, rubani mwenye asili ya Bukoba, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Tangu siku hiyo akawa mtu wa kwetu. Kila akitua aliuliza kama ugali umeiva.

Watu wa rika langu wanapokumbuka kiwanja hawakumbuki wagonjwa tu. Wote tulijifunzia baiskeli pale, maana ukianguka unaangukia majani. Jumapili baada ya ibada wasichana walitembea pale na nguo zao nzuri, wavulana wakatembea upande wa pili wakijifanya wana shughuli. Waliofunga ndoa walipigia picha chini ya soksi. Na ndege ilipolia juu ya ziwa, kijiji kizima kiliacha kilichokuwa mkononi. Jembe lilibaki shambani, sufuria ikabaki jikoni, na darasa zima la shule ya msingi likatoka nje na mwalimu wao akiwa mbele. Ilileta chanjo kwenye masanduku ya baridi, magazeti yaliyokwisha kuchakaa, na mara mbili kwa mwezi daktari. Ilikuwa sikukuu isiyo na tarehe.

Mwaka wa mvua kubwa, ile ya El Nino, ndipo Nyangi alipofanya jambo ambalo watu bado wanalisimulia.

Mvua ilikuwa imenyesha tangu kabla ya Krismasi. Daraja la barabara ya Musoma lilikuwa limechukuliwa na mto, mihogo ilioza ardhini, na zahanati ilijaa watoto wenye homa. Asubuhi moja mtumbwi ulifika ufukweni ukitoka kisiwa cha Rukuba, umebeba mwanamke kijana aliyeitwa Yunis. Uchungu ulikuwa umemshika tangu juzi yake na mtoto hakuwa anashuka. Waliomleta walikuwa wamepigana na mawimbi mpaka mikono ikavimba. Kuendelea na maji hadi mjini hawakuweza. Nesi Dorotea alimpima, akatoka nje akiwa amebana midomo, akaenda moja kwa moja kwenye redio ya kuita ndege.

Felisian alijibu kutoka Mwanza. "Naweza kuja. Ila uwanja ukoje? Mpe Mama Samwel aongee."

Nyangi hakuongea kwanza. Alivua viatu, akatembea kiwanja chote kwa miguu mitupu, akakanyaga na kisigino kila mahali. Kuanzia zahanati hadi kwenye mchongoma mkubwa, ardhi ilishika. Kutoka pale kwenda chini, mguu ulizama. Alirudi na kumwambia hivyo.

"Kipande cha juu peke yake ni kifupi," Felisian alisema. Redio ikakoroma. "Lakini kama nitauona mwisho wake vizuri, nitajaribu. Niwekee alama. Kubwa, ya rangi."

Hapo Nyangi alitoka na kulia kama mtu aliyefiwa, sauti iliyowatoa wanawake majumbani. Hakuwaeleza sana. Alivua kitenge chake cha juu, akakitandaza kwenye majani mabichi kando ya mchongoma, akakiwekea jiwe. Wanawake wakaelewa. Wakaja na khanga, na vitenge, na mashuka ya kitandani, hata kitambaa cha meza cha mke wa katekista, wakavipanga kukata kiwanja kutoka upande hadi upande. Mama yule aliyepoteza udaga wake ndiye aliyeleta vingi kuliko wote. Baltazari alitazama kutoka uani kwake, mikono nyuma.

Ndege ilitokea chini ya mawingu, ikazunguka mara moja, ikashuka. Iligusa ardhi karibu kabisa na zahanati, tope likaruka pande zote, ikakimbia, ikapunguza, ikasimama kabla ya kufika kwenye nguo. Felisian alishuka akiwa hatanii. "Haraka," alisema, "kabla hiyo mvua ya kule haijafika."

Yunis akaingizwa. Ndipo likaja swali la nani aende naye. Nesi Dorotea hakuweza kuwaacha watoto waliolazwa. Mumewe Yunis alikuwa amebaki Rukuba, na mama mkwe, aliyekuja naye kwenye mtumbwi, aliitazama ndege, akakaa chini matopeni. Yunis alikuwa ameushika mkono wa Nyangi tangu kwenye machela, na hakuuachia.

"Mama, usiniache," alisema.

Nyangi akapanda. Hakuaga, hakubadili nguo, hakukumbuka viatu.

Aliniambia kwamba wakati ndege inaondoka alifumba macho na kusali, kisha akayafumbua kwa sababu Yunis alikuwa anamtazama na haifai mgonjwa akuone unaogopa. Akaangalia nje. Kiwanja alichokifyeka miaka yote ile kilikuwa ukanda mwembamba wa kijani, na ule mstari wa nguo za wanawake ukionekana kama shanga. Aliliona paa la nyumba yake. Na uani alimwona mtu mmoja amesimama ameinua uso, akajua kwa namna alivyosimama kwamba ni Baltazari. Halafu likawa ziwa tu.

Mwanza walikuwa wanasubiriwa. Yunis akapasuliwa siku hiyohiyo, akapata mtoto wa kike, wote wawili wakapona. Nyangi alikaa naye wodini, akimpikia uji kwa sufuria aliyoazimwa na ndugu wa wagonjwa wengine, akilala chini kando ya kitanda chake. Siku chache baadaye mumewe Yunis alifika kwa meli, naye Nyangi akawa huru kurudi kwake.

Lakini kurudi kulikuwa na shida yake. Felisian alikuwa ametumwa mbali, kupeleka dawa kwa watu waliozungukwa na mafuriko. Barabara ya kuja Bunda ilikuwa imekatwa na maji. Manesi wakamchangia nauli na mmoja akampa kandambili, nayo kamba ikakatika bandarini kabla hajapanda meli ya Ukerewe. Akavuka hivyohivyo, akalala kwa mama mmoja wa kanisa huko Nansio, akapata gari la samaki hadi kwenye kivuko cha kwenda Kisorya.

Kwenye kivuko, mzee mmoja aliyekuwa na mbuzi alimuuliza, "Mama, unatokea wapi miguu ikiwa hivyo?"

"Mwanza."

"Na ulikwendaje Mwanza, na barabara hakuna?"

"Nilienda na ndege."

Watu wakageuka. Kicheko kikaanzia kwa mzee, kikazunguka kivuko kizima. "Mmemsikia huyu? Amepanda ndege hana viatu!"

"Ndege haikuniulizaga viatu," Nyangi alisema, naye akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi, maana hata yeye mwenyewe akijisikia akisema hivyo, halikuwa neno la kuaminika.

Kutoka Kisorya alipata lori la mchele hadi Bunda, na kutoka Bunda lingine lililokwama Kiabakari. Akaingia kwao, mama yake akamkanda miguu kwa maji ya moto na kumkataza kuondoka, naye akaondoka. Kipande cha mwisho alikwenda kwa mguu, akavuka pale lilipokuwa daraja kwa kushikana mikono na wasafiri wengine, maji yakiwa kiunoni.

Alifika Nyabukere jioni, kabla giza halijaingia. Alipita njia ya kiwanjani kwa mazoea, na kabla hajaona kitu akasikia ugomvi.

"Keraryo, nimekwambia utoe hawa ng'ombe!"

"Baltazari, kwani ndege iko wapi? Tangu lini wewe unakipenda hiki kiwanja?"

"Sijasema nakipenda. Nimesema utoe ng'ombe!"

Mumewe alikuwa amesimama katikati ya majani yaliyofyekwa upya, fyekeo mkononi, suruali imekunjwa, ametota jasho. Kando ya mchongoma, matuta mawili ya udongo mpya yalionyesha mahali alipojaza mashimo. Keraryo, jirani yao mwenye ng'ombe wengi, alimwona Nyangi kwanza. Akaanza kuswaga ng'ombe wake.

Baltazari akageuka. Walitazamana.

"Umerudi," alisema.

"Nimerudi."

"Yule binti?"

"Mzima. Na mtoto wake mzima. Wa kike."

Baltazari aliangalia fyekeo lake, akalifuta tope kwa kidole, polepole, kama kazi hiyo ilikuwa muhimu sana. "Basi," alisema mwisho, "yule angekuwa mama yangu, angefika."

Hakusema zaidi siku ile wala siku nyingine. Lakini tangu hapo walifyeka wawili, yeye upande wa ziwani, Nyangi upande wa zahanati, wakakutana kwenye mchongoma. Mzee Clementi, ambaye alikuwa amekwisha kupofuka, alikaa mlangoni akisikiliza mafyekeo mawili, na waliokuwepo wanasema alikuwa akitabasamu peke yake.

Miaka hiyo ndiyo Nyangi anaiita miaka yake mizuri. Haikuwa mingi.

Barabara ya Musoma ilitengenezwa, daraja likajengwa la zege. Watu wakafurahi, naye akafurahi pamoja nao. Zahanati ikapata gari la wagonjwa. Ndege iliyokuwa ikija mara mbili kwa mwezi ikaja mara moja, kisha ikawa inasikika kwa msimu tu. Wamisheni waliokuwa wakiihudumia walizeeka, wakarudi makwao. Siku moja Felisian alitua, nywele zimekuwa mvi, na kabla ya kuuliza habari za ugali alimvuta Nyangi pembeni.

"Mama Samwel, sidhani kama tutakuja tena. Nami mwenyewe napumzika mwaka huu."

"Uwanja una ubaya?"

"Hapana. Katika viwanja vyote ninavyotua, hiki ndicho nilikuwa nakijia moyo umetulia."

Baltazari alikuwa amewahi ufukweni, akarudi na sato wawili wakubwa, akawafunga kwenye majani ya mgomba na kuwaweka kwenye kiti cha nyuma cha ndege. Ndege ikapanda. Watu wakapunga mikono hadi ikapotea, kisha wakasimama tu, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka.

Walikifyeka kiwanja hicho miaka mingine mitano, bila aliyewatuma. Baltazari alipofariki, Nyangi aliendelea na upande wa zahanati peke yake. Upande wa ziwani ukashikwa na magugu, na yeye akauacha. Kama alishindwa kwa kukosa nguvu au kama hakutaka kuugusa, hakuniambia, nami sikuuliza.

Halafu likaja suala la sekondari. Kata yetu haikuwa nayo. Watoto walitembea mbali na wengi waliishia njiani. Mwenyekiti wa kijiji, Boniphace, akaitisha mkutano na kusema eneo pekee lililo tupu ni kiwanja cha ndege. Samwel, ambaye alikuwa amehamia Musoma na kufanya biashara ya viwanja vya nyumba, alikuja mkutanoni na shati lililopigwa pasi. Alisimama kwa heshima.

"Wazee wangu, ardhi hii ilikuwa ya babu. Ilitolewa kwa ajili ya ndege. Ndege imeisha. Haki ni irudi kwenye familia."

Wengi walitikisa vichwa kukubali, maana lilikuwa neno lenye haki ndani yake. Boniphace akamgeukia Nyangi. "Mama, wewe unasemaje?"

Aliniambia kwamba moyoni hakutaka lolote kati ya hayo mawili. Hakutaka shule, hakutaka nyumba za watu. Alitaka kibaki kama kilivyo, majani na upepo. Lakini jambo hilo hakuna mkutano ungeweza kumpa.

"Samwel mwanangu," alisema, "babu yako hakutoa hii ardhi kwa ajili ya ndege. Ndege alikuwa haijui hata. Alitoa kwa sababu mtu wake alikufa njiani. Baba yako alilia na hii ardhi maisha yake yote, na mwishoni akaifyeka mpaka nguvu zikamwisha. Mimi siwezi kuja leo nikaigawa vipande. Watoto wasome."

Samwel aliondoka bila kula. Alikaa miezi hajaja nyumbani, na hiyo ilimuuma Nyangi kuliko kiwanja. Alikuja kimya kimya siku ya kuchimba msingi, amepakia mifuko ya saruji kwenye gari, akaishusha mwenyewe, mfuko mmoja mmoja, kisha akaingia jikoni kwa mama yake na kuuliza kama kuna chakula. Walikula samaki wadogo, furu wa kukaanga, na ugali wa udaga, hawakuongea habari za ardhi.

Sasa ukifika Nyabukere huwezi kujua. Madarasa yako pale ndege ilipokuwa ikigusa, nyumba za walimu zimefuata, na upande wa ziwani wanafunzi wamelima bustani. Nguzo ya soksi iling'olewa. Mjukuu wake Dorah, binti wa Samwel, amehamia kwa bibi yake ili asome hapo. Yuko kidato cha pili, na anapenda hesabu.

Wiki iliyopita nilikwenda kumsalimia Nyangi. Tulimenya mihogo uani, sauti za wanafunzi zikitufikia. Nikamuuliza kama ana hamu ya kuiona ndege tena.

"Ndege?" alisema. "Ndege ilikuwa na kelele tu. Ninachotamani ni vile watu walivyokuwa wakitoka nje. Zamani mgonjwa akiondoka tulikuwaga wote pale, tunamwona uso, tunampungia. Siku hizi gari linakuja, linapakia, linaondoka. Ni vizuri, wanapona. Lakini mke wa katekista alichukuliwa Jumatatu, na mimi nimesikia Jumatano, kisimani. Jumatano! Mtu tuliyezeeka naye."

Akafunika mihogo kwa kitambaa, akanawa mikono, akamwita Dorah amletee kitenge na yale mayai aliyoyaweka kwenye kikapu. Mke wa katekista alikuwa amerudishwa kutoka hospitali jana yake. Nyangi alitaka kufika kwake kabla jua halijawa kali, na akaniambia kama sina haraka nimshike mkono kwenye kile kiteremko.